Mcheza Kwao Hatuzwi: Dhidi ya Kuitahini Sanaa ya Utendaji kwa Kalamu Pekee

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba mcheza kwao hutuzwa. Katika shule zetu za upili usemi huo umepinduliwa. Anayetuzwa ni yule aliyekariri sifa tano za mcheza bora na kuziandika, kila sifa na mfano wake, kabla ya kengele kulia. Mcheza mwenyewe, kama yupo darasani, hana alama yoyote anayoweza kuipata kwa kucheza.

Makala haya yanakusudia kuupinga mpangilio huo. Tunashikilia kwamba mtihani wa maandishi unaotumiwa kutahini sanaa za utendaji, na hasa fasihi simulizi, haupimi sanaa hizo kwa upungufu kama watetezi wake wanavyokiri. Unapima kitu kingine, kisha unakipa jina la sanaa hizo. Tunashikilia pia kwamba lawama haiwezi kuelekezwa kwa Baraza la Mitihani la Kenya peke yake. Sisi tunaofundisha fasihi katika vyuo vikuu tumeshiriki kukiunda chombo hiki, na baadhi yetu tumefaidika kwacho.

Suala lenyewe si geni, ila sasa limepata uzito ambao halikuwa nao hapo awali. Kundi la kwanza la wanafunzi wa mtaala wa umilisi liliingia Gredi ya 10 mnamo Januari 2026. Katika mkondo wa Sanaa na Sayansi ya Michezo, wanafunzi hao wamewekewa somo la Muziki na Dansi na lile la Sanaa ya Jukwaani na Filamu. Katika mkondo wa Sayansi za Jamii wamewekewa Fasihi ya Kiswahili. Wanatarajiwa kufika Gredi ya 12 mwaka 2028. Kwa hiyo namna ya kuyatahini masomo haya inajengwa sasa, na mazoea yatakayotiwa katika msingi wake yatadumu kwa kizazi kizima, kama yalivyodumu yale ya mfumo wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985. Tukinyamaza sasa, hatutakuwa na haki ya kulalamika baadaye.

Tukio na Karatasi

Mulokozi (1989), katika uainishaji wa tanzu ambao umeathiri mno ufundishaji katika Afrika Mashariki, aliiona fasihi simulizi kuwa ni tukio linalotawaliwa na mwingiliano wa mambo sita: fanani, hadhira, fani inayotendwa, tukio lenyewe, mahali na wakati. Hakuna mwanafunzi wa shahada ya kwanza katika idara zetu asiyeyafahamu mambo hayo. Hebu basi tuyaingize katika chumba cha mtihani tuone yatakavyokuwa.

Fanani hayupo, yupo mtahiniwa aliyekatazwa kufungua kinywa. Hadhira haipo, yupo msimamizi anayezunguka kati ya madawati ili kuhakikisha kwamba hapana anayewasiliana na mwenzake. Fani imesalia kuwa dondoo la mistari michache iliyopigwa chapa. Tukio ni mtihani wenyewe, mahali ni dawati, na wakati ni sehemu ya saa mbili na nusu ambazo mtahiniwa anapaswa kuzigawa pia kwa riwaya, tamthilia, hadithi fupi au ushairi. Katika yale mambo sita hapana hata moja lililosalimika. Kilichobaki ni istilahi.

Tuitazame karatasi yenyewe. Katika KCSE, karatasi ya tatu ya Kiswahili ina alama 80, na mtahiniwa hujibu maswali manne yenye alama 20 kila moja. Swali la fasihi simulizi ni moja miongoni mwa hayo. Kwa hiyo, katika somo zima lenye alama 200, sanaa ambayo ndiyo asili ya fasihi yote ya Kiswahili hupewa sehemu moja katika kumi, na swali hilo lisipokuwa la lazima mtahiniwa anaweza kulikwepa asidhurike. Tungeweza kuuvumilia uchache huu lau sehemu hiyo ndogo ingekuwa kweli ya fasihi simulizi. Maswali yake, hata hivyo, kila aliyewahi kusahihisha anayajua kwa moyo: bainisha utanzu, toa sababu, taja na ueleze sifa za utanzu huo, fafanua dhima yake katika jamii, onyesha shughuli za kiuchumi za jamii inayorejelewa.

Tuchukue mifano mitatu ili isionekane tunazungumza kwa jumla jumla. Wa kwanza ni ngomezi. Huu ni utanzu ambao ujumbe wake hupitishwa kwa midundo ya ngoma au ala nyingine. Asiyeusikia hana analolijua kuuhusu. Mwanafunzi wetu anaweza kupata alama zote za ngomezi ilhali katika maisha yake hajawahi kusikia ngoma ikipeleka habari, na mwalimu wake pia hajawahi. Wa pili ni ulumbi. Tunamtaka kijana aeleze namna mlumbi anavyotumia sauti, ishara na uteuzi wa maneno kuwavuta wasikilizaji, nasi tunamtaka ayaeleze hayo akiwa kimya. Aliye na kigugumizi cha woga hata hawezi kuomba radhi mbele ya mwalimu wa zamu atapata alama sawa na mlumbi wa kuzaliwa, au atampita kwa kuwa mwandiko wake ni mzuri zaidi. Wa tatu ni kitendawili. Fani hii haiwezi kuanza mpaka mtu wa pili aseme “Tega!” Kitendawili kilichoandikwa kwenye karatasi kimekwisha kutegwa na mtu asiyejulikana kwa mtu asiyeweza kumjibu, hapana mji wa kupewa wala kunyimwa, na hapana kicheko.

Kuna kinaya kingine kinachostahili kutajwa. Silabasi imeweka mahali pa utafiti wa nyanjani, na waliouweka walikuwa na nia njema: mwanafunzi atoke, awaendee wazee, asikilize, anakili, arekodi. Hata hivyo, maadamu mtihani hauna njia ya kujua kama alitoka au hakutoka, utafiti nao umegeuka kuwa orodha. Huandikwa hatua za utafiti, huandikwa mbinu za kukusanya data, huandikwa matatizo yanayomkumba mtafiti nyanjani. Kijana ambaye hajawahi kumhoji hata nyanya yake anazifahamu changamoto zote za kumhoji.

Kifaransa Husemwa, Kiswahili Huandikwa

Watetezi wa hali hii hutuambia kwamba mtihani wa kitaifa hauwezi kuwa na sehemu ya utendaji. Kauli hiyo inakanushwa na mitihani ya taifa hilihili.

Mtahiniwa wa Kifaransa katika KCSE ana karatasi ya mazungumzo. Huketi mbele ya mtahini, huulizwa, hujibu, na hupewa alama kwa matamshi na ufasaha wake. Mtahiniwa wa Kijerumani ni vivyo hivyo. Wa Muziki huwa na karatasi ya vitendo ambayo huimba au hupiga ala mbele ya mtahini aliyesafiri hadi shuleni kwa kazi hiyo. Kisha ana karatasi ya pili ambayo huchezewa sauti zilizorekodiwa, akasikiliza na kuandika alichokisikia. Na ndipo ifuatwe na karatasi ya nadharia. Kwa hivyo lugha ya kigeni husikika, na muziki husikika. Kiswahili, lugha ya taifa na lugha rasmi kwa mujibu wa Katiba ya 2010, hakisikiki hata kwa dakika moja katika mtihani unaohitimisha miaka yote ya shule. Twaweza kumpa kijana alama ya A ya Kiswahili bila ya mtahini yeyote kujua kama anaweza kukisema.

Kiingereza nacho kimefuata njia ya ajabu zaidi. Karatasi yake ya kwanza ina alama 60, na nusu ya alama hizo, yaani 30, zimetengewa stadi za mazungumzo. Stadi hizo hutahiniwa kwa kalamu. Mtahiniwa huandika ni neno gani katika sentensi angelitilia mkazo kama angeisema. Huandika ni ishara gani angezitumia kama angeghani shairi hilo. Huandika namna ambavyo angejitayarisha kama angetakiwa kuhutubia. Ni mtihani uliojengwa wote juu ya kiambishi cha masharti.

Wala jambo hili halikuanza jana. Katika miaka ya mwanzo ya 8-4-4, mtoto wa darasa la nane alitahiniwa muziki katika KCPE kwa kuchagua herufi A, B, C au D. Alama ya penseli kwenye kisanduku ilihesabiwa kuwa ni ushahidi wa sikio.

Darasa Linaloandika

Mtihani haubaki ndani ya chumba chake. Hurudi nyuma na kuliumba darasa, na hapo ndipo madhara yake makubwa yalipo.

Miaka kadhaa iliyopita nilikwenda kumkagua mwanafunzi wetu aliyekuwa katika mazoezi ya kufundisha katika shule moja ya mashambani ambayo si lazima niitaje. Somo lilikuwa sifa za mtambaji bora. Mwanafunzi wetu alikuwa amejiandaa vyema. Maazimio yake yalikuwa yamepangwa, na sauti yake ilifika nyuma. Alisoma sifa moja baada ya nyingine polepole, akirudia kila sentensi mara mbili ili wanafunzi wapate kunakili: awe mkwasi wa lugha, awe jasiri, awe na uwezo wa kubadilisha sauti, awe na uwezo wa kuishirikisha hadhira. Hadhira yake ilikuwa vichwa arobaini na kitu vilivyoinama. Kwa dakika arobaini hakuna aliyeinua uso. Baada ya kipindi, tulipokuwa tukivuka uwanja, tulimkuta kijana wa darasa lilelile amezungukwa na wenzake. Alikuwa akiigiza kwa sauti na mwendo kisa cha mwalimu mmoja na ng’ombe aliyeingia bwenini, na wenzake walikuwa wameshikilia mbavu. Wengine walimjibu, wengine walimsahihisha, na yeye aliyapokea masahihisho yao na kuyatia kwenye kisa papo hapo. Walipotuona walitawanyika kwa hofu.

Nilimpa mwanafunzi wetu alama nzuri. Nilifanya hivyo kwa sababu fomu niliyokuwa nayo haikuwa na mahali pa kuandika nililoliona uwanjani, na kwa sababu nilijua kwamba wanafunzi wake, siku ya mtihani, wangezihitaji zile sifa. Nimelikumbuka tukio hilo mara nyingi. Mwanafunzi wetu hakukosea. Alifundisha kile ambacho kingetahiniwa. Kosa lilikuwa langu, maana nilikuwa nimemfundisha kufanya hivyo, kisha nikaenda umbali wote ule kuhakikisha kwamba anafanya.

Matokeo yake ni kwamba yule kijana wa uwanjani hafahamu kwamba alichokuwa akikifanya kina jina katika daftari lake. Kwake yeye fasihi simulizi ni kitu cha wazee waliokufa, chenye vipengele vya kukariri. Kisa cha ng’ombe bwenini ni utundu. Somo lililonuiwa kumfungulia mlango wa sanaa yake mwenyewe limemfungia.

Dhambi ya Idara Zetu

Ni muhimu tukumbuke tulikotoka. Mwaka 1968, Ngũgĩ wa Thiong’o, Taban lo Liyong na Henry Owuor-Anyumba walipotoa waraka wao wa kutaka Idara ya Kiingereza ya Chuo Kikuu Kishiriki cha Nairobi ivunjwe, waliitaka fasihi simulizi ya Kiafrika ikae katikati ya masomo ya fasihi. Mkutano wa walimu wa fasihi uliofanyika katika Shule ya Nairobi mwaka 1974 uliipeleka hoja hiyo katika shule za upili. Huo ulikuwa ushindi wa kweli, na kizazi chetu ni tunda lake.

Lakini ushindi ule uliingizwa shuleni kwa lango la mtihani, na lango hilo lilikuwa na kimo chake. Kilichoweza kupita ni kile kilichoweza kuandikwa. Tulizipitisha tanzu, vipera, sifa na dhima. Tuliwaacha nje watendaji. Kisha, badala ya kurudi kuwachukua, tuliketi kuandika miongozo. Tumeandika miongozo ambayo ndani yake kila utanzu una sifa sita na dhima saba, na tumeiandika tukijua kwamba itasomwa mahali pa tukio. Wengine wetu ndio tunaotunga maswali, wengine ndio tunaoongoza meza za usahihishaji, na wote ndio tunaowapokea wahitimu wa mtihani huo katika mwaka wa kwanza na kushangaa kwamba hawawezi kusimulia hadithi. Mjenzi anayeishangaa nyumba aliyoijenga mwenyewe ni mtu wa kutiliwa shaka.

Uko uhusiano mwingine usiopendeza kati ya mtihani huu na taaluma yetu. Uainishaji wa tanzu umechukua nafasi kubwa katika uhakiki wa fasihi simulizi ya Kiswahili kuliko unavyostahili, na sehemu ya sababu ni kwamba uainishaji unatahinika. Utanzu una jibu sahihi. Utendaji una jibu linalobadilika kila jioni. Tumeipenda sehemu ya taaluma yetu inayoingia katika mwongozo wa kusahihishia, tukaisahau ile isiyoingia. Kwa hivyo mtihani wa shule ya upili umetufundisha sisi pia.

Dola Hujua Tofauti

Iwapo ipo taasisi nchini ambayo haijawahi kuchanganya maandishi na utendaji, ni dola. Mwaka 1977, tamthilia ya Ngaahika Ndeenda, inayojulikana kwa Kiswahili kama Nitaolewa Nikipenda, ilichezwa na wakulima na wafanyakazi katika ukumbi wa wazi wa Kamĩrĩĩthũ, Limuru. Mwezi Novemba mwaka huohuo kibali chake kiliondolewa. Kitabu kilichapishwa Nairobi mwaka 1980, kikauzwa. Ukumbi ulibomolewa mwaka 1982. Waliotoa amri ya kubomoa walielewa kwamba kitabu mkononi mwa msomaji mmoja na mchezo mbele ya umati wa watu ni vitu viwili tofauti, na walijua ni kipi cha kuogopwa.

Ufahamu huo haujapotea. Mwaka 2013 tamthilia ya Shackles of Doom, iliyochezwa na wanafunzi wa Butere Girls, ilipigwa marufuku, na ikabidi Mahakama Kuu iingilie kati ndipo irejeshwe jukwaani. Mwezi Aprili 2025, huko Nakuru, wanafunzi wa shule iyo hiyo walifika katika tamasha la kitaifa la drama na Echoes of War, huku Mahakama Kuu ikiwa imeagiza waruhusiwe kushiriki. Polisi walifyatua vitoa machozi. Wasichana wale waliuimba wimbo wa taifa, kisha wakaondoka bila ya kuigiza.

Tulitafakari jambo hili kwa makini. Serikali iliyotuma polisi kwa sababu ya mchezo wa wasichana wa shule ndiyo serikali ambayo mfumo wake wa mitihani haumpi msichana huyo alama hata moja kwa kuigiza. Tamasha la muziki limekuwapo tangu 1927, na lile la drama tangu 1959; kwa miongo hii yote utendaji wa vijana wetu umeitwa shughuli za ziada, na ukafungiwa kabatini pamoja na maleba mara vikombe vinapowekwa katika ofisi ya mwalimu mkuu. Dola imeuchukulia utendaji kwa uzito kuliko tulivyouchukulia sisi wahakiki.

Hoja za Wapinzani

Wapo wenzetu wasiokubaliana nasi, na hoja zao hazistahili kupuuzwa.

Hoja ya kwanza ni ya haki. Karatasi, wasema, haina uso wala lafudhi. Mtahini haoni mavazi ya mtahiniwa wala hatambui kabila lake. Katika nchi ambayo mtu hutambuliwa kwa namna anavyotamka r na l, hoja hii ina uzito, nasi tunaikubali kwa sehemu. Lakini karatasi nayo ina uso wake. Humtambua aliyenunuliwa miongozo mitatu na kumbagua aliyesoma kwa kuazima kurasa. Humtambua aliyezoezwa kujaza hoja tano tano. Juu ya yote, humbagua kikamilifu mtoto ambaye kipaji chake chote kimo kinywani na mwilini. Kwa huyu hakuna upendeleo mkubwa wala mdogo; hakuna mlango kabisa. Upendeleo wa mtahini hupunguzwa kwa njia zinazojulikana: watahini wawili badala ya mmoja, kurekodi sauti na picha ili usahihishaji uhakikiwe, na mtahini kutoka nje ya eneo.

Hoja ya pili ni ya gharama. Watahiniwa wa KCSE wanakaribia milioni. Na tupige hesabu basi. Tukichukua watahiniwa 900,000 na kumpa kila mmoja dakika 10, tunahitaji saa 150,000. Mtahini mmoja akifanya kazi saa 6 kwa siku, hizo ni siku 25,000 za kazi. Watahini 2,500 wangezimaliza kwa siku 10. Hii si kazi ndogo, wala hatusemi itafanywa bila ya fedha. Lakini ni kazi inayohesabika. Taifa ambalo kila mwaka husambaza makasha ya mitihani chini ya ulinzi wa bunduki, na kuwakusanya maelfu ya wasahihishaji kwa majuma kadhaa, haliwezi kudai kwamba kitu kinachohesabika hakiwezekani. Linaweza tu kusema kwamba halikioni kuwa na thamani hiyo. Likisema hivyo waziwazi, mjadala wetu utakuwa wa kweli zaidi.

Hoja ya tatu hutoka ndani ya taaluma yetu, nayo ndiyo nzito. Wasema kwamba fasihi ni somo la uhakiki. Hatumtaki mwanafunzi wa riwaya aandike riwaya, kwa nini basi tumtake mwanafunzi wa ngano atambe ngano? Jibu letu lina sehemu mbili. Kwanza, mwanafunzi wa riwaya hupewa riwaya. Huisoma yote, mara nyingi, kabla ya kuulizwa lolote kuihusu. Mwanafunzi wa fasihi simulizi hapewi utendaji wowote. Hupewa maelezo kuhusu utendaji, kisha huulizwa kuhusu maelezo hayo. Ni kana kwamba tungemfundisha riwaya kwa kumsomea muhtasari wa jalada la nyuma. Pili, hata tukikubali kwamba lengo ni uhakiki mtupu, uhakiki wa utendaji huanza kwa kuwapo mahali unapotendeka. Mwenye kutetea uhakiki kwa dhati angekuwa wa kwanza kuukataa mtihani huu.

Iko hoja ya nne ambayo wapinzani wetu hawaisemi, lakini sisi wenyewe hatuna budi kuisema. Utendaji ukitahiniwa, huenda mtihani ukaufisha. Tumeona katika tamasha zetu mchezo ulioandikwa na mwalimu au mtunzi wa kulipwa, ukafunzwa kwa miezi, na wanafunzi wakawa midomo ya kukodiwa. Tunaiona sasa hatari ya namna nyingine katika tathmini za shuleni za mtaala mpya, ambamo mwalimu aliyelemewa na wanafunzi wengi anaweza kuyajaza matarajio yaliyofikiwa na yaliyozidiwa akiwa ofisini, pasi na mtu kusimama na kutenda. Fomu iliyojazwa kwa namna hiyo ni karatasi tu kama ile tunayoikataa. Hofu hii ni ya haki. Lakini dawa yake ni kuubuni mtihani wa utendaji kwa uangalifu. Kuukimbia si dawa.

Tufanyeje?

Tunapendekeza mambo manne. La kwanza ni kwamba katika fasihi simulizi, na katika masomo mapya ya sanaa, nusu ya alama zitokane na utendaji ulioonwa na mtahini kutoka nje, mbele ya hadhira. Neno hadhira tumelitumia kwa makusudi. Mtambaji anayetamba mbele ya mtahini mmoja aliyeinamia fomu hana wa kumwitikia. Waruhusiwe kuwapo wanafunzi wengine, wazazi na majirani wa shule. Na mtahini aipime pia namna mtendaji anavyoipokea na kuigeuza hali anayoikuta. Huko ndiko kunakomtenganisha fanani na kasuku wa tamasha, kwa kuwa hadhira haikaririki.

La pili ni kwamba karatasi ya maandishi ibaki, ila ijibu kitu kilichosikika. Karatasi ya usikivu katika Muziki imetuonyesha njia kwa miaka mingi: rekodi ya mtambaji halisi ichezwe chumbani, mtahiniwa aisikilize, kisha ahakiki alichokisikia. Hili halihitaji mtahini wa ziada hata mmoja. Kama Baraza litaona mapendekezo yetu mengine ni mazito, na lianze na hili.

La tatu linazihusu idara zetu. Tuanze kuwatahini wanafunzi wetu wenyewe kwa utendaji, kwa kuwa hatuna uso wa kuidai shule kile tusichokifanya. Mwalimu wa kesho asiyewahi kutamba mbele yetu hatawaruhusu wanafunzi wake wainue vichwa.

La nne ni la wale wanaoandika miongozo, na kwa hili najitaja mwenyewe. Tuache kuiuza orodha mahali pa sanaa. Kila mwongozo umwelekeze mwanafunzi kwa mtu aliye hai wa kumsikiliza, na kila zoezi lihitaji kinywa kabla ya kalamu.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba mtihani wa maandishi wa sanaa za utendaji hauna hata jambo moja linaloifanya sanaa hiyo kuwa sanaa. Kwamba mitihani ya nchi hii tayari ina mifano ya kutenda vinginevyo. Kwamba hoja za haki na gharama zinajibika. Na kwamba sisi wataalamu tumekuwa sehemu ya tatizo. Kabla ya mwaka 2028 kutakuwa na mikutano, rasimu na vikao vya kutunga maswali, na watu watakaoitwa huko ni sisi. Tutaulizwa ni maswali gani yafaa kuulizwa kuhusu ngano, ngoma na jukwaa. Itakuwa rahisi kufungua faili za zamani na kunakili. Kabla ya kufanya hivyo, tutoke kwanza uwanjani, tumtafute yule kijana aliyetawanyika na wenzake alipotuona, tumwombe akirudie kisa chake tangu mwanzo, nasi tumwitikie.